Ufadhili au Ujira? Miti, Kampuni na Chemchemi za Nyakoe

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa penye miti hapana wajenzi. Lau wangesimama leo katika soko la Nyakoe, kando ya barabara itokayo mjini Kisii kuelekea Oyugis na Kisumu, kisha wakatupa macho mabondeni, huenda wangeongeza kuwa pengine miti huwa tele na wajenzi wakawapo, ila maji ndiyo yakakosekana. Mikaratusi imejipanga kutoka ukingo wa kijito hadi nyuma ya nyumba, mirefu na iliyonyooka. Msafiri anayepita kwa matatu huusifu ukijani huo na kuihesabu Gusii miongoni mwa sehemu zilizobarikiwa. Mama anayeishi pale chini huyaona mambo kwa jicho jingine. Chemchemi aliyoikuta alipoolewa sasa hububujika wakati wa masika tu, na kiangazi kikiingia hana budi kubeba mtungi wake hadi bonde la pili.

Katika mazingira ya aina hii ndimo kampuni nyingi za Kenya hupenda kuingia zikiwa na miche. Siku ya upanzi hutangazwa, fulana hugawanywa, wakuu hushika majembe, picha hupigwa, na idadi ya miche iliyopandwa huandikwa katika ripoti ya mwaka. Makala haya hayakusudii kuzikejeli juhudi hizo. Mti ni mti, na anayeupanda amefanya la maana kuliko anayeketi tu. Hata hivyo, kuna swali ambalo aghalabu halijibiwi baada ya magari kuondoka: je, maji yamerudi?

Msimamo wa makala haya ni kwamba uhaba wa maji katika vijiji kama vya Nyakoe hautaondolewa kwa ufadhili wa miche, bali kwa ujira. Mkulima maskini anayeng'oa mkaratusi kwenye chanzo cha maji, kisha akakilinda chanzo hicho mwaka baada ya mwaka, anafanya kazi. Kazi hiyo ina wafaidi walio mbali naye. Wafaidi hao, zikiwamo kampuni, wamlipe.

Nchi ya mvua na ardhi finyu

Gusii si jangwa. Sehemu nyingi za nyanda hizo za juu hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Maji yake hukusanywa na vijito visivyo na idadi, vikaungana na mito kama Gucha na Sondu, na hatimaye kuingia Ziwa Viktoria. Katika Ekegusii chemchemi huitwa ensoko, na kwa muda mrefu ensoko ilikuwa mali ya wote: mwenye shamba ilimotokea hakuwa na idhini ya kumzuia jirani kuteka.

Lakini nchi hiyo imejaa watu. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani zaidi ya watu 950 katika kila kilomita mraba. Kaunti jirani ya Nyamira ilikuwa na watu 605,576. Nyakoe, ambayo ni wadi katika eneobunge la Kitutu Chache Kusini, imo ndani ya msongamano huo. Baba aliyerithi ekari tatu amewagawia wanawe wanne, nao wana wao wanasubiri. Shamba limekuwa ukanda mwembamba unaoshuka kutoka barabarani hadi kijitoni. Juu ya ukanda huo pana nyumba, katikati pana migomba, mahindi, pengine chai au kahawa kidogo, na chini kabisa, mahali palipokuwa kinamasi, pana mikaratusi.

Hapo chini ndipo penye kiini cha jambo. Mvua inaponyesha kilimani, sehemu ya maji hupenya katika udongo mwekundu wenye kina kirefu, yakasafiri polepole na kujitokeza bondeni kama chemchemi. Kinamasi kilikuwa kama sifongo: kiliyapokea maji wakati wa mvua na kuyaachilia kidogo kidogo wakati wa ukame. Mkaratusi haupukutishi majani yake yote wala haupumziki. Hukua haraka na hunywa mwaka mzima. Ukipandwa kilimani hunywa maji ya mvua kama miti mingine, ingawa kwa kiu kubwa zaidi. Ukipandwa juu ya chemchemi, hunywa kabla ya ndoo kufika. Isitoshe, wapo walioupanda kinamasini kwa makusudi, ili uyakaushe maji wapate mahali pa kulima au pa kufyatulia matofali. Katika ardhi finyu namna hiyo, uamuzi huo una mantiki yake.

Mti uliokuja kwa haja ya wengine

Ni muhimu kukumbuka kuwa mkaratusi haukuja Kenya kwa sababu mkulima wa Gusii aliuomba. Asili yake ni Australia. Uliletwa nchini mnamo mwaka 1902, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikitafuta mti unaokua upesi wa kutoa kuni za kuendeshea garimoshi za Reli ya Uganda. Tangu hapo historia yake imekuwa historia ya mahitaji ya asasi kubwa. Viwanda vya chai vya Kisii na Nyamira, mathalani Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Kiamokama na Nyamache, vilihitaji kuni za kukaushia majani. Baada ya Mamlaka ya Usambazaji Umeme Mashinani kuundwa mwaka 2007, na tena baada ya mradi wa kuwaunganishia umeme wakazi wa vijijini kuzinduliwa mwaka 2015, soko la nguzo za mikaratusi lilipanuka. Wajenzi wa mijini nao walitaka fito na nguzo za kushikilia zege.

Kampuni hazikungoja tu kununua. Zilishiriki pia katika kuuboresha mti wenyewe. Mnamo mwaka 1997 ulianzishwa mpango wa kuleta Kenya miche pacha ya mikaratusi chotara kutoka kwa kampuni ya Mondi ya Afrika Kusini. Wakfu wa Gatsby wa Uingereza ulitoa fedha, shirika la ISAAA likawa mpatanishi, nayo Idara ya Misitu ya wakati huo na Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, zikashirikishwa. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: mkulima mdogo apate mti unaokomaa haraka ili ajikimu na aache kuufyeka msitu wa asili. Kwa upande wa mbao na kuni, mpango huo ulizaa matunda. Miche ilienea kote nchini.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo halikusafiri pamoja na miche. Huko Afrika Kusini, Sheria ya Taifa ya Maji ya mwaka 1998 iliuhesabu upanzi wa misitu ya biashara kuwa shughuli inayopunguza maji ya mito. Kwa sababu hiyo, anayetaka kupanda misitu hiyo sharti aombe leseni ya kutumia maji. Mche ulivuka mipaka ukafika kwa mkulima wa Kenya; sheria ya kuuchunga haikuvuka pamoja nao. Kenya ilizinduka baadaye. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji, na mwishoni mwa mwaka huo Shirika la Huduma za Misitu likatoa mwongozo unaoonya dhidi ya kuipanda katika ardhi chepechepe na kandokando ya mito. Agizo lilisikika redioni, baadhi ya miti ikakatwa. Lakini kisiki cha mkaratusi huchipua tena. Asiyeng'oa kisiki amepogoa tu.

Benki ya asiye na benki

Kwa nini mkulima aliitikia agizo lile shingo upande? Wapo wanaomwona kuwa mjinga asiyejua thamani ya maji. Dhana hiyo si ya haki. Mkulima wa Nyakoe anajua fika kuwa mkaratusi unakunywa maji, kwani ndiye anayeteka. Anaupanda kwa sababu haujapatikana mti mwingine unaomfanyia kazi zote anazozifanya mkaratusi.

Mgala muue na haki umpe. Baada ya miaka minne au mitano mkaratusi hutoa fito na nguzo za kujengea. Baada ya miaka sita hadi minane hutoa kuni za kiwandani. Ukiachwa zaidi huwa nguzo ya umeme. Hauhitaji mbolea wala dawa ya gharama. Ukikatwa huchipua wenyewe, na mkulima hanunui mche mwingine. Mtoto akiitwa shule ya upili mwezi wa Januari, miti mitatu huuzwa. Mgonjwa akilazwa, miti mitano huuzwa. Kukiwa na msiba, mnunuzi huja na msumeno siku iyo hiyo na fedha taslimu mkononi. Hakuna fomu, hakuna dhamana, hakuna karani wa kumtaka aje kesho. Ni benki ya asiye na benki.

Basi anayemwambia mkulima huyo ang'oe mikaratusi iliyo chini ya shamba lake anamwambia afunge akaunti yake. Huenda maji yakarudi baada ya miaka kadhaa, lakini karo inatakiwa muhula ujao. Na maji yakirudi, hayatakuwa yake peke yake. Yatakuwa ya majirani walio chini yake, ya mji unaoteka mtoni na ya kiwanda kinachoosha mitambo yake. Hasara ni ya mmoja, faida ni ya wengi. Hakuna mwanadamu, tajiri au maskini, atakayeendelea kukubali mpango wa namna hiyo kwa sababu ya hotuba.

Hesabu ya miche

Mkabala na hali hiyo, tazama namna kampuni zinavyosaidia. Kipimo kinachopendwa ni idadi ya miche. Hali hii imetiwa nguvu na siasa za wakati huu. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 69, inaitaka serikali ijitahidi kufikisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Kabla yake, kanuni za misitu ya mashambani za mwaka 2009 zilimtaka kila mkulima atenge asilimia 10 ya shamba lake kwa miti. Mnamo Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua kampeni ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikatangazwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Kampuni nazo zikajipatia mafungu yao ya hesabu hiyo.

Kasoro ya hesabu ya miche ni kwamba haijui mahali wala haijui kesho. Mche uliopandwa juu ya chemchemi na mche uliopandwa kwenye mteremko mkavu huhesabiwa sawasawa. Mche uliokufa wiki ya tatu kwa kukosa wa kuutilia maji unabaki hai katika ripoti. Isitoshe, hesabu hii haina safu ya kuandikia miti iliyong'olewa, ilhali katika bonde la Nyakoe kitendo kinachoweza kuyarudisha maji haraka zaidi ni kung'oa na si kupanda. Ni kampuni gani itakayopiga picha ya mkurugenzi wake akishika shoka?

Jambo jingine ni mgongano wa haja. Asasi ileile inayogawa miche ya kiasili katika siku ya mazingira huenda ndiyo inayonunua kuni za mikaratusi siku zilizosalia. Jambo hili halisemwi kwa ajili ya kulaumu. Viwanda vya chai vinavyosimamiwa na KTDA, kwa mfano, ni mali ya wakulima wenyewe wanaomiliki hisa, na kuni zikipanda bei bonasi yao ndiyo hupungua. Mkulima yuko pande zote mbili za mzani. Anauza kuni, anamiliki hisa, na anakosa maji. Kwa hivyo suluhisho haliwezi kuwa kumtafuta mwovu mmoja wa kumtupia mzigo. Linapaswa kuwa mapatano yanayobadilisha hesabu za kila upande.

Mfadhili na mlengwa

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kulitazama suala hili, kwa kuwa sehemu ya tatizo imo katika maneno. Miradi ya aina hii imejenga msamiati wake. Anayetoa fedha huitwa mfadhili. Anayepokea huitwa mlengwa, au siku hizi mnufaika. Kitendo chenyewe huitwa msaada.

Neno mfadhili linatokana na fadhila, yaani wema au hisani atendayo mtu pasipo kulazimika. Anayefadhiliwa anatakiwa kushukuru. Hawezi kudai, kwa kuwa hisani haidaiwi. Hawezi kuuliza kwa nini mche aliopewa si ule alioutaka, kwa kuwa mgeni hachagui mboga. Na mche ukifa, lawama humrudia yeye: fadhila ya punda ni mateke. Nalo neno mlengwa limeundwa kutokana na kitenzi kulenga. Mlengwa ni yule ambaye mshale umeelekezwa kwake. Hasemi neno, kazi yake ni kusimama pale alipo ili afikiwe. Hata mnufaika, ingawa lina adabu zaidi, linamchukulia mkulima kuwa mtu aliyepata, wala halimtambui kama mtu aliyetoa.

Maneno hayo yanaficha uhusiano halisi. Kampuni inayotumia maji ya mto haimfadhili mkulima anayekilinda chanzo cha mto huo. Inanunua kazi yake, au inaitumia bure. Kiswahili kina neno la zamani na la heshima kwa malipo ya kazi: ujira. Aliyepewa ujira hashukuru kwa kuinama. Anahesabu, na zikipungua anauliza. Anaweza pia kuulizwa kama kazi hakuifanya. Ujira hufunga pande mbili, hisani hufunga upande mmoja tu. Mabadiliko ya neno peke yake hayatailetea Nyakoe hata tone la maji, lakini mkataba ukiandikwa kwa neno la ujira, maswali yanayofuata huwa tofauti: kazi gani, kwa muda gani, kwa kiasi gani, na nani atakayepima.

Waliokwisha kujaribu

Pendekezo hili si ndoto. Kenya yenyewe ina mifano. Katika bonde la Ziwa Naivasha, mashirika ya WWF na CARE yaliwakutanisha wakulima wadogo wa sehemu za juu za Mto Malewa na watumiaji maji walio karibu na ziwa, wakiwamo wakuzaji wa maua. Wakulima walikubali kupanda nyasi za kuzuia mmomonyoko na miti, na kuacha kulima ukingoni mwa mito. Walio chini walikubali kuwalipa. Malipo ya kwanza yalitolewa mwaka 2010 kwa njia ya vocha za pembejeo zenye thamani ya takriban dola 17 kwa mkulima kwa mwaka. Ni kiasi kidogo mno, na yeyote aliyewahi kulipa karo ataona kuwa hakimtoshi mtu kuacha mkaratusi wake. Lakini kanuni iliwekwa: anayekunywa chini amlipe anayelinda juu.

Mfano wa pili ni Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, uliozinduliwa mwaka 2015 chini ya uongozi wa shirika la The Nature Conservancy. Jiji la Nairobi hutegemea sehemu hizo kwa maji yake mengi, nayo kampuni ya KenGen huzalisha umeme kwa mabwawa ya mto huohuo. KenGen, kampuni ya maji ya Nairobi, Coca-Cola na East African Breweries ni miongoni mwa zilizojiunga. Uchunguzi uliofanywa kabla ya uzinduzi ulikadiria kuwa dola milioni 10 zikiwekezwa katika mashamba ya juu, faida ya dola milioni 21.5 ingepatikana kwa muda wa miaka 30. Takwimu hiyo inafaa kukaririwa kwa sababu inaonyesha kuwa kampuni zinapoyatunza maji ya mkulima hazitoi sadaka. Zinajiwekea akiba.

Nje ya Kenya, Afrika Kusini ilianzisha mwaka 1995 mpango wa Working for Water. Mpango huo uliwalipa watu wasio na ajira kung'oa miti ya kigeni, mikaratusi ikiwamo, katika mabonde ya mito. Huko, kuondoa mti kulihesabiwa kuwa kazi ya mshahara. Hapa kwetu mkulima huambiwa auondoe kwa hiari, tena kwa amri.

Mapatano yanayofaa Nyakoe

Ni mapatano gani, basi, yanayoweza kufaa katika ardhi finyu kama ya Nyakoe? Kwanza, yaanzie kwenye chemchemi na wala siyo kwenye kitalu. Kampuni na wanakijiji wakubaliane ni chemchemi zipi zinazolindwa, wapime maji yake kiangazi na masika kwa ndoo na saa, jambo ambalo hata wanafunzi wa shule ya msingi wanaweza kulifanya, na maendeleo ya mradi yahesabiwe kwa maji hayo. Kipimo cha aina hii hakidanganyiki kwa urahisi, maana mtekaji yupo kila siku.

Pili, ujira uendane na pengo halisi. Mkulima anapong'oa mikaratusi, hasara kubwa humpata katika miaka ya mwanzo, kabla ya zao jingine kushika. Kwa hiyo malipo yawe makubwa mwanzoni, na yapungue kadiri mapato mapya yanavyopanda. Mparachichi, ambao unastawi Gusii, huzaa baada ya miaka michache. Nyasi za nepia hulisha ng'ombe wa maziwa katika mwaka huohuo. Mianzi hushika ukingo wa mto na hutoa fito. Mgrevilea hukubali kukaa na migomba bila ugomvi mkubwa. Hakuna hata mmoja wa mimea hii unaoweza kuchukua nafasi ya mkaratusi peke yake, lakini mchanganyiko wao unaweza.

Tatu, mkaratusi wenyewe usifukuzwe kabisa. Uhamishwe. Miteremko mikavu iliyo mbali na vyanzo inaweza kuubeba, na kiwanda kinachohitaji kuni kinaweza kutangaza kuwa hakitanunua kuni zilizokatwa kandokando ya mito isipokuwa kama kisiki kimeng'olewa. Mnunuzi ana sauti ambayo waziri hana: akikataa kununua, hapatakuwa na atakayepanda.

Nne, wasio na ardhi karibu na mto wasisahauliwe, hususan wanawake, ambao ndio watekaji lakini mara nyingi hawana hati ya shamba. Malipo yakimfuata mwenye hati tu, mume atapokea na mke ataendelea kubeba mtungi. Sehemu ya ujira ipitie katika chama cha watumiaji maji, ambacho kinatambuliwa na Sheria ya Maji tangu mwaka 2002, na wanawake wawe na viti vyao humo.

Tano, sheria iwatazame wenye mashamba madogo. Marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yalitaka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka ya miradi ya kaboni inayotegemea ardhi. Hiyo ni hatua njema. Lakini masharti hayo yalitungwa kwa kuwaza ardhi ya umma na ya jamii. Gusii ni nchi ya vipande vya watu binafsi. Mwenye robo ekari akiketi peke yake mbele ya kampuni, hana nguvu ya kupatana. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Pingamizi

Wapo watakaosema kuwa kumlipa mtu ili atunze mazingira yake mwenyewe ni kumharibu. Kwamba wazee wa Gusii waliitunza ensoko bila kulipwa. Ni kweli walifanya hivyo, lakini waliitunza wakiwa na ekari nyingi na karo chache. Mwiko huheshimiwa na aliye na njia nyingine ya kupata riziki, na mwenye njaa hana miiko. Wengine watasema kuwa hiyo ni kazi ya serikali na wala si ya kampuni. Serikali haiwezi kuachiliwa, maana ndiyo yenye sheria, wataalamu na kodi. Lakini anayechota mtoni kila siku kwa mabomba makubwa hawezi kusema kuwa mto haumhusu. Wengine tena wataogopa kwamba mkulima atapokea ujira kisha apande mikaratusi upya. Huenda wakapatikana wa namna hiyo, kama wanavyopatikana katika kila biashara. Dawa yake ni mkataba unaopimwa, na majirani ambao chemchemi yao ikipungua wote watajua ni kwa nini.

Hitimisho

Mkataba wenyewe unairudisha hoja kwa wasomaji wa jarida hili. Nyaraka nyingi za miradi ya miti na maji huandikwa kwa Kiingereza, zikatiwa saini kwa kidole gumba na mtu ambaye hakusomewa hata nusu ya yaliyomo. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kando ya Kiingereza. Idara za Kiswahili zina vijana wanaosomea tafsiri na isimujamii, na wengine wao ni wenyeji wa mabonde hayohayo ya Kisii na Nyamira. Wanaweza kuutafsiri mkataba kwa Kiswahili kinachoeleweka, kuufafanua kwa Ekegusii barazani, na kuhakikisha kuwa neno ujira halikugeuzwa msaada njiani. Kazi hiyo ni ya kitaaluma kama ilivyo kazi ya kuhakiki diwani.

Kampuni zitaendelea kuja Nyakoe na miche, na zikaribishwe. Lakini mama aliyebeba mtungi ahesabiwe kuwa mshirika katika biashara ya maji ambayo hadi sasa amekuwa akiigharimia peke yake. Siku atakapolipwa kwa kuilinda ensoko yake kama alivyokuwa akilipwa kwa kuuza nguzo, hatahitaji hotuba ya waziri wala fulana ya siku ya upanzi ili ashike jembe. Mkono mtupu haulambwi.